Ndimu Nyeusi za Matrahi

Siku tatu za azaa, matanga ya mama, zilipokwisha na watu wakapungua mlangoni, mimi na wifi yangu tuliingia jikoni kwa mama kupunguza vitu. Nyumba ni ileile ya Azaiba, hapa Maskati, aliyokaa miaka mingi, na jiko lilikuwa himaya yake. Hata mimi binti yake niliomba ruhusa kabla ya kufungua kabati. Nyuma ya mchele nikakuta bati la zamani la maziwa ya unga, limefunikwa kitambaa na kufungwa uzi. Nikalitikisa, likalia karakara. Nilijua ni nini kabla sijalifungua, na nilipolifungua ile harufu ya uchachu na vumbi la jua ikanipanda puani. Nikakaa chini palepale sakafuni, nikalia kilio ambacho kwa siku tatu mbele ya watu kilikuwa kimegoma kutoka. Wifi yangu alidhani nimejikata.

Zilikuwa ndimu kavu tu. Kila nyumba ya Oman inazo, nyeusi na nyepesi, zinatiwa kwenye mchuzi wa samaki, na mama alizianika mwenyewe juu ya dari kila mwaka. Mtoto wa siku hizi hazimshughulishi. Lakini nyinyi wa umri wangu, mliofika Maskati wadogo, mkiwa na sanduku moja na mzazi mmoja, labda mtanielewa nikisema kwamba kuna wakati nilikuwa na hakika kuwa ndimu zile ni uchawi, na kwamba shangazi yangu alikuwa ananiloga nazo.

Mimi ni mtu wa shaka, sikatai. Hata leo tikiti nalinusa mara tatu kabla ya kulitia kwenye toroli, na muuzaji akinisifia kitu sana, nakirudisha. Wanangu husema nimezaliwa hivyo. Si kweli. Nilifundishwa, na aliyenifundisha ni Mize.

Mize alikuwa mtoto wa jirani yetu Unguja. Alinizidi miaka mitatu, kwa hiyo kwangu mimi wa miaka sita alikuwa mwanachuoni mkubwa. Habari ilipotoka kwamba baba atanipeleka Maskati kwa dada yake, na mama atabaki nyuma kwanza amuuguze bibi ambaye hawezi safari, Mize alinivuta hadi nyuma ya banda la kuku.

"Huko Manga kuna wachawi," akaniambia. "Hawali watu, wa kula watu ni hawa wa huku. Wa kule wanakupa tunda. Tunda ambalo hujapata kuliona. Ukilila tu, ushamsahau mamako. Mamako akija kukutafuta atasimama mbele yako na wewe humjui."

"Na wali?" nikauliza.

Mize akafikiri. "Wali haudhuru. Wali ni wali. Mkate pia, na samaki. Tunda ndilo."

Siku ya kuondoka mama alinikumbatia hadi kofia ya baba ikaonekana mlangoni kwa mara ya tatu. Maneno yake ya mwisho yalikuwa haya: "Usile ovyo, mwanangu." Hakuna mama asiyesema hivyo mtoto akisafiri. Lakini mimi nilisikia agizo, na nikaona kwamba kumbe na yeye anajua.

Baba alikaa nami Matrahi, mji wa bandari wa Maskati, wiki chache, kisha akaenda Bahrain kutafuta kazi, nikabaki na Shangazi Nasra. Alikuwa mjane asiyejaaliwa mtoto, mrefu, mwepesi wa mikono, na mdomo wake haukupumzika. Ujanani alikaa Unguja miaka kadhaa, kwa hiyo Kiswahili alikuwa nacho, ila kila neno lililomponyoka alilijaza kwa Kiarabu na kuendelea mbio. Nyumba yake ilikuwa ya mawe na udongo, ngazi nyembamba, hatua chache kutoka sokoni. Miaka ile umeme hatukuujua, na mtaa wetu ulinuka samaki mkavu na moshi wa ubani kwa pamoja.

Mchana wa kwanza akatandika mkeka, akaweka wali na bakuli la mchuzi. Juu ya mchuzi kulikuwa na kitu cheusi cha mviringo kinaelea.

"Nini hiki, shangazi?"

"Lumi. Ndimu. Kuli, ya binti, kula, mchuzi wapoa."

Ndimu nilikuwa naijua. Kwetu ulikuwako mndimu karibu na kisima, na mimi ndiye niliyetumwa kuchuma. Ndimu ni ya kijani, ikizidi ni ya manjano, na ukiikamua inakurukia jichoni. Ndimu haiwi nyeusi. Nikala wali mkavu kandokando, mchuzi ukaniingia kidogo tu kwa bahati mbaya, na moyoni nikaandika kwamba shangazi amesema uongo wa kwanza.

Wa pili haukuchelewa. Mtu alileta kikapu cha vitu vya manjano, vigumu, vinang'aa, na shangazi akaniambia hizo ni tende. Tende! Mtoto wa Unguja amwambie nani kuwa hajui tende? Tende ni nyeusi, zinanata, zinakuja zimeshindiliwa kwenye kanda na unazinyofoa kwa vidole. Siku nyingine ikawa zabibu, lakini za maji, zimevimba, hazina hata kunyanzi. Nikalala juu ya mkeka nikalipima jambo hili kwa akili zangu zote. Vitu ambavyo kwetu ni vikavu, hapa ni vibichi. Vitu ambavyo kwetu ni vibichi, hapa ni vikavu. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni: nchi nzima imegeuzwa nje ndani, na nchi haijigeuzi yenyewe.

Basi nikafunga mdomo. Wali nakula, mkate nakula, samaki nakula, tunda siligusi. Na ili nijue kama nimelogwa au bado, nikajiwekea mtihani. Kila asubuhi kabla ya kunawa uso nilikunja vidole nikihesabu mambo kumi ya mama. Kidoti chini ya taya. Mwanya. Kovu la mafuta ya moto kwenye mkono wa kushoto. Kanga yake ya korosho. Asumini kichwani siku ya Ijumaa. Anavyofunga mlango kwa kisigino akiwa na sinia. Anavyovuma wimbo usio na maneno akipepeta mchele. Anavyoniita "we bibi we" nikikosa. Anavyoziba mdomo akicheka. Na la kumi uso wake mzima, ambao niliuacha mwisho kama mtu anavyoacha nyama mwisho wa wali. Vidole vyote vikikunjika nilishukuru Mungu, nikaenda kunawa.

Taabu ilikuwa alasiri. Wanawake wa mtaani walikuja kwa shangazi karibu kila siku, na desturi ya Oman ni kwamba mgeni huwekewa kwanza matunda, kisha halua, kisha kahawa. Wenyewe huiita fuala. Kutoigusa ni kumtukana mwenye nyumba, na mimi, mtoto wa mwenye nyumba, ndiye niliyekaa mbele ya sinia nimekunja mikono. Bi Shamsa, jirani wa ukuta mmoja, aliyewahi kukaa Pemba, alinitazama siku tatu, ya nne akashindwa.

"Nasra," akasema, bila kupunguza sauti, "mtoto huyu hagusi hata punje. Umemwangalia vizuri? Isije ikawa ana mtu kichwani."

Kesho yake nikapelekwa kwa mwalimu nikasomewa, nikarushiwa marashi mpaka kope zikashikana. Tangu hapo tukawa tunachungana ndani ya nyumba moja. Mimi namchunga shangazi asije akanilisha, na shangazi ananichunga mimi shetani asije akasema. Akikata tini nilikuwa nimeshafika mlangoni. Nilimwona akinitazama kwa pembe ya jicho kila nilipokunja vidole asubuhi, na midomo yake ikitikisika kwa dua.

Siku moja aliweka kisu chini. "Mie nna kosa gani kwako, mwanangu?" akaniuliza. "N'ambie. Nakupikia, nakuogesha, nakusuka. Kitu cha mkono wangu tu hutaki. Watu wanan'cheka. Na babako akija n'tamwambia nini, mtoto kanikondea nyumbani kwangu?"

Machozi yalikuwa yanamtoka. Mimi nikajiambia kwamba hata wachawi wanajua kulia. Leo nikilikumbuka jambo hilo naona haya mpaka masikio yanapata moto, na shangazi hayupo nimtake radhi.

Hivyo hivyo ukapita karibu mwaka. Asubuhi moja, katika kuhesabu, nilifika kwenye kovu la mama na nikakwama. Mkono wa kushoto au wa kulia? Nikajaribu kumwona akikaanga, akishika mwiko, akinifunga vifungo. Kovu likawa linahama mkono mmoja kwenda wa pili, halitulii. Tunda sikula, hilo nina hakika. Nimekula nini basi? Nikakumbuka mchuzi. Kila siku wali wangu unalowa mchuzi, hata nikila kandokando, na kila siku ndani ya mchuzi kuna lile dude jeusi. Kikulacho ki nguoni mwako. Shangazi alinishinda akili: hakunipa tunda nilile, alilichemsha akaninywesha.

Sikumwendea yeye. Nilikwenda kule lilikotoka, dukani kwa Mzee Hasanali.

Duka lile lilikuwa nyumba ya nne kutoka kwetu, mwanzo wa soko, jembamba, sakafu imeinuliwa, na mwenyewe anakaa juu akiwa amekunja miguu kati ya magunia. Alikuwa Mhindi mzee mwenye ndevu nyekundu za hina. Aliuza vitu vikavu tupu: lozi, tini zilizotungwa uzi, zabibu, mapande ya kitu cha rangi ya chungwa kinachotafunika kama ngozi, maganda ya komamanga ya dawa ya tumbo, na gunia zima la ndimu nyeusi. Nilimshuku tangu siku ya kwanza, kwa sababu aliponiona tu alisema, "Karibu, toto ya Unguja," na mimi sikuwa nimefungua mdomo. Baadaye ndiyo nilikuja kujua kwamba ndugu yake alikuwa na duka Malindi ya Unguja, na kwamba mtaa mzima ulikwisha kumsimulia habari za mtoto wa Nasra asiyekula.

"Leo shangazi nataka nini?" akauliza.

"Hataki kitu. Mimi ndiye ninayetaka." Nikalielekezea kidole lile gunia. "Hizi ni nini kwa kweli? Usinidanganye."

Alianza kucheka, kisha akanitazama usoni akaacha. Katika watu wazima wote wa Matrahi, yeye alikuwa wa kwanza ambaye hakuniambia "kula".

"Ndimu."

"Nani amezifanya nyeusi?"

Mzee Hasanali alijinyoosha nyuma yake akachota kitu kwenye gunia jingine, akanifumbulia kiganja. Sikuhitaji kutazama. Harufu ilikuwa ya baraza yetu, ya mikeka iliyotandikwa njia nzima wakati wa mavuno hata ukakosa pa kukanyaga.

"Hii najua?"

"Karafuu."

"Kwenye mti rangi gani?"

"Kijani," nikasema. "Na nyekundu kidogo."

"Na hii?"

Nikazitazama mkononi mwake. Nyeusi.

"Sasa sema wewe. Nani amefanya nyeusi?"

"Jua," nikasema, na nikajisikia nimenaswa.

"Bas. Ndimu nachemsha na maji ya chumvi, naweka juani. Jua ya Unguja, jua ya Maskati, moja tu." Akachukua ndimu mbichi kutoka kwenye bakuli kando ya chai yake, akanipa. "Hii peleka juu ya dari. Wewe mwenyewe nangalia. Kama mimi iko mwongo, njoo niambie mbele ya watu."

Sikuichukua hivi hivi. Karafuu ni zetu, nilijiambia, tunajua zinakotoka. Ndimu hii ni ya kwao. Kwa hiyo kabla ya kuipandisha darini niliichora ganda kwa msumari, mistari miwili na nukta, ili mtu asije akanibadilishia. Nikaiweka pembeni mwa ukuta. Kila siku baada ya chuo cha Kurani nilipanda ngazi kuikagua. Ikawa ya manjano. Ikawa kahawia upande mmoja, nikaigeuza. Ikasinyaa, ikawa ngumu, ikaanza kulia ndani ukiitikisa. Shangazi alisimama chini ya ngazi akaniuliza nafanya nini huko juu, nikamwambia nacheza. Sijui alisoma dua ngapi mwezi ule.

Siku ndimu ilipokuwa nyeusi kabisa niliitazama kwa muda mrefu. Mistari miwili na nukta, ipo. Nikaivunja kwa jiwe, nikailamba. Uchachu wa mndimu wetu wa kisimani ukanifunga jicho moja, uleule.

Nikateremka mbio. "Shangazi, ndimu ni ndimu!"

"Subhanallah!" akasema. "Na mie mwaka mzima nakwambia nini?"

Mchana ule nilimwaga mchuzi juu ya wali mpaka ukapita kingo za sahani, na shangazi akageuka ukutani akajifanya anatafuta chumvi.

Ningependa kuwaambia kwamba hapo shaka iliniisha. Haikuisha, ilihama tu. Ndimu ilikuwa na hati yake, lakini matunda mengine yalibaki palepale yalipowekwa na Mize. Ila sasa nilikuwa na rafiki, na rafiki huyo alikuwa na duka. Nilikuwa nakwenda kwa Mzee Hasanali kukaa ukingoni mwa sakafu na kuuliza: hiki kimetoka wapi, kilikuwa na rangi gani, nani amekianika. Mwisho wa joto yalishuka makomamanga kutoka Jabal Akhdhar, kwa punda, kikapu juu ya kikapu. Jina nilikuwa nimelisikia, tunda sikupata kuliona. Mzee Hasanali akalipasua kwa mikono, likafanya kraa, na ndani zikatokea punje nyekundu zimepangana, zinang'aa, hakuna hata moja iliyokaa ovyo.

Hakunipa. Hilo lazima niseme. Aliliweka tu kati yetu akaendelea kupepeta lozi zake. Nikachukua punje moja ili niinuse. Haikuwa na harufu. Nikaitia mdomoni ili nijue kwa nini haina harufu. Ikapasuka. Kisha sijui, nilipopata fahamu zangu nusu nzima ilikuwa ganda tupu, na kifua cha kanzu yangu kilikuwa kama nimechinja kuku.

Nikarudi nyumbani nikikimbia, nikajifungia chumbani, nikakunja vidole. Kidoti, kipo. Mwanya, upo. Kovu, mkono sijui. Kanga ya korosho. Asumini. Kisigino. Wimbo ulikuwepo lakini nilipotaka kuuvuma ulitoka wa Bi Shamsa. Nikaruka hadi la kumi. Nikafumba macho nikauita uso wa mama, na ulipokuja ulikuwa kidoti na mwanya, na kati yake hakuna kitu.

Leo najua kwamba haukuwa uchawi wa komamanga. Ulikuwa muda tu. Mtoto wa miaka sita hana kabati la kuwekea uso, na mimi nilikuwa nimeuhifadhi karibu miaka miwili kwa vidole vitupu. Lakini wakati ule nilijua kosa langu na jina lake: komamanga. Sikumwambia mtu. Tangu siku ile sikuhesabu tena, maana niliogopa nitakachokikuta. Na maji ukiyavulia nguo yaoge: nikala. Nilikula tini, nikala zabibu za maji, nikala tende za manjano mpaka ulimi ukakaza. Shangazi alinona kwa furaha kuliko mimi. Wanawake wa fuala walimwambia kwamba mwalimu yule ana mkono mzuri. Nami nilikuwa nafurahi na kujichukia kwa mdomo uleule.

Meno yangu ya mbele yalikuwa yameng'oka na mengine yameota ilipokuja barua. Bibi amefariki, ruhusa imepatikana, mama yuko njiani. Shangazi aliisoma mara mbili kwa sauti, akapiga vigelegele peke yake. Mimi niliingia chini ya ngazi nikakaa na gudulia la maji. Mama yangu anakuja, na mimi nimekula. Atasimama mbele yangu, na mimi sitamjua. Nilijaribu kumwomba Mungu alicheleweshe jahazi, meli, chochote alichopanda, kisha nikaogopa dua hiyo isije ikakubaliwa, nikaifuta.

Baba alikuja kutoka Bahrain kumpokea bandarini. Sisi tulingoja nyumbani, sinia imejaa, mimi nimevishwa kanzu mpya na kufundishwa vizuri: mgeni akikaa, unaleta maji ya kunawa, kisha matunda. Mlango ukafunguliwa. Akaingia baba, na nyuma yake wanawake wawili wamevaa buibui.

Wawili. Mmoja mrefu, mmoja mfupi mwembamba. Wote wananitazama. Nikatafuta kidoti, buibui limefunika taya. Yule mfupi alikuwa ameubana mdomo. Yule mrefu akatabasamu, na katikati ya meno yake nikaona mwanya. Nikamrukia. Nikamkumbatia kiuno kwa nguvu zote, nikasema, "Mama!"

Mikono ya yule mwanamke ilinigusa mabega taratibu sana. "Si mie, mwanangu," akasema. "Mie msafiri tu, nangoja watu wangu waje kun'chukua. Mamako huyu hapa."

Yote aliyoyasema Mize yalikuwa yametimia, mbele ya baba, mbele ya shangazi. Mimi nikafanya lile pekee nililofundishwa kumfanyia mgeni. Nikamwendea yule mfupi, nikampa mkono, nikasema, "Shikamoo." Akajibu "Marahaba," na sauti ikamkatikia katikati. Nikaleta birika na bakuli, nikamnawisha. Nikaweka sinia mbele yake: tende za manjano, za mwanzo wa msimu.

Hakuzigusa. Alizitazama kwa jicho ambalo mimi nililijua vizuri kuliko mtu yeyote katika chumba kile.

"Nini hizi?" akauliza.

"Tende."

"Tende gani za manjano?"

Hapo nikavunjika. Nililia hadi maneno yakawa yanatoka vipande vipande. Nikamwambia kwamba nimekosa, kwamba Mize alinionya na yeye mwenyewe aliniambia nisile ovyo, kwamba nilijizuia mwaka mzima na zaidi, kisha nikala komamanga, nikala tini, nikala na hizi, zote nimezila, ndiyo maana nimemsahau.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Hakucheka, wala hakuniambia kwamba Mize ni mpumbavu.

"Ulishiba?" akauliza.

Sikuelewa. "Nini?"

"Ulipokula. Ulikuwa washiba?"

"Nilishiba," nikasema.

"Alhamdulillahi." Akashusha buibui, akafuta uso kwa pembe ya mtandio. "Miaka yote hii mie naomba kitu hicho kimoja tu. Ya kukumbukwa sikuomba." Kisha akamgeukia shangazi, aliyekuwa ameziba mdomo kwa kiganja. "Wifi, huna chumvi na pilipili ya unga hapo?"

"Ya nini, wifi?"

"Si za tende?"

"Tende na pilipili! Astaghfirullah!" Shangazi alisema hivyo, lakini alikwenda kuleta.

Mama akachukua tende moja ya manjano, akaipasua kwa meno, akaiangalia ndani kwa shaka. Kwake ilikuwa tunda bichi, na tunda bichi kwetu lina dawa moja, iwe embe au nini. Akashika chumvi kwa vidole vitatu, akaichovya kwenye pilipili, akainyunyiza kwa kuvisugua vidole karibu sana na tunda, kidogo kidogo, kisha akalamba kidole gumba upande, haraka, kama mtu anayeogopa kuonwa.

Lile la kidole gumba halikuwemo katika yale kumi. Sikuwahi kulihesabu, sikuwahi kujua kwamba ninalo. Lakini nililiona na mara moja nilikuwa ukumbini kwetu, juu ya kibao cha mbuzi, miguu nimeikunja, nangoja zamu yangu ya embe mbichi, na uso uliokuwa juu ya kidole kile ulikuwa huu huu, mzima, na kidoti chake. Akaniletea lile pande mdomoni bila kuniuliza, nikafungua mdomo kabla halijafika.

Ilikuwa chachu, chungu, kali, ya chumvi. Shangazi Nasra alikuwa bado anasema astaghfirullah huku akijipasulia yake. Mimi niliushika mkono wa mama wenye pilipili kwa mikono yangu miwili, nikauzungusha nitazame, na kovu lilikuwa pale, mkono wa kushoto. Nikamwita mama.